Mwenye Barafu Ndiye Hupanga Bei

Kabla hujauliza kama nimerogwa, wacha niseme mwenyewe: ndio, mimi ndiye yule kijana anayefundisha watoto hoki ya barafu hapa Rongo, Kaunti ya Migori, mahali ambapo barafu pekee unayoweza kukanyaga ni ile imemwagika kutoka kwa kreti ya mbuta.

Msimu wetu mpya ulianza Jumamosi ya pili ya Januari, saa tatu asubuhi, kwenye sakafu ya saruji ya ukumbi wa kanisa moja ambao bado unajengwa. Watoto 17. Viatu vya magurudumu jozi 9, zote za mitumba. Mwanzo wa msimu ni uleule kila mwaka: miguu imekua. Aliyevaa saizi 34 mwaka jana sasa kidole kinagonga mbele. Kwa hivyo tunakaa chini wote kwa mduara, tunavua, tunapitisha viatu mkono kwa mkono mpaka kila jozi ipate mguu wake. Wanane wanabaki bila. Hao wanashika fimbo wakiwa na kandambili, halafu baada ya dakika ishirini tunabadilishana.

Saa nzima ya kwanza hakuna mtu anaguza mpira. Tunajifunza kuanguka. Unakunja goti, unaangukia upande, unafunga vidole ndani ya ngumi ili mwenzako asivipitie na magurudumu. Halafu unainuka bila kushikwa. Halafu unaanguka tena. Watoto wapya huona ni mchezo wa kuchekesha, wale wa mwaka jana wanajua ni kazi.

Siku hiyo mama mmoja alimleta binti yake wa Gredi ya 7. Huyu mama hununua samaki Homa Bay na kuuza huku kwetu. Alisimama mlangoni akatazama watoto wakianguka na kuinuka, kisha akaniita kando.

"Wuoda, huu mchezo unaitwaje?"

Hoki ya barafu, mama.

"Na barafu iko wapi?"

Iko Nairobi.

"Ya nani?"

Ya hoteli.

"Na wewe umewahi kusimama juu yake?"

Hapo ndipo niliishiwa. Mimi hupiga video, naandika maoni yangu hapa, na watu wanajua sina uoga wa kuongea. Lakini huyo mama aliniangalia vile mamangu huniangalia nikianza kueleza kwa nini niliacha chuo mwaka wa pili. Nikamwambia ukweli: hapana, mama, sijawahi.

Hakucheka. Alisema tu, "Basi Jumamosi ijayo unieleze vizuri kwa nini nisimpeleke netiboli kama wenzake." Akaenda na boda.

Nilikuwa na wiki moja ya kutafuta jibu. Nilisoma, nikauliza, nikarudi kwa mambo niliyokuwa nimeona nikiwa Nairobi. Hili hapa ndilo jibu langu, na limekuwa historia. Mnisamehe kwa urefu.

Barafu tuliijua, ila haikuwa yetu kuisema

Wacha tuanze mbali kidogo. Kuna watu hudhani Mwafrika wa ikweta na barafu ni wageni kabisa. Si kweli. Kwa Dholuo tuna neno, pe, la mvua ya mawe na barafu. Kilimanjaro na Mlima Kenya zimevaa kofia nyeupe tangu kabla ya mipaka kuwepo, na waliokaa chini yake walijua kuna nini huko juu.

Tarehe 11 Mei 1848, mmishonari Mjerumani Johannes Rebmann, aliyekuwa akiishi Rabai karibu na Mombasa, aliiona Kilimanjaro akiwa safarini. Aliuliza kiongozi wa msafara, Bwana Kheri, ile nyeupe kule juu ni nini. Jibu lilikuwa neno moja: baridi. Jibu tosha kabisa. Lakini habari ilipofika London, kuna wataalamu wa jiografia, akiwemo William Desborough Cooley, waliokataa katakata kwamba theluji inaweza kukaa karibu na ikweta. Cooley hakuwa amefika huku. Alikuwa amekaa na vitabu vyake, na sauti yake ikabeba miaka kadhaa mpaka wengine wakapanda mlima kuhakikisha.

Naanza na hii hadithi kwa sababu moja. Bwana Kheri alikuwa sahihi, lakini uamuzi wa nani yuko sahihi haukuwa mikononi mwake. Shika hiyo, tutarudi.

Barafu ya mbuta

Sasa njoo nyumbani. Bibi zetu wa ziwani hawakuhitaji barafu. Samaki alipasuliwa akaanikwa akawa obambla, au akabanikwa, au akakaangwa. Omena mpaka leo huanikwa juani. Jua ndilo lilikuwa friji, na jua halina mwenyewe.

Mambo yalibadilika na mbuta. Huyu samaki aliletwa Ziwa Victoria miaka ya 1950 na 1960, akakaa kimya, halafu mwanzoni mwa miaka ya 1980 akalipuka, akajaa ziwa lote na kumeza samaki wengi wadogo wa asili. Mbuta ni mkubwa na ana mafuta, haaniki vizuri kama ngege. Lakini Ulaya walimtaka, vipande vilivyokatwa safi bila mifupa. Viwanda vikaja, vingine Kisumu, vingine hapa Homa Bay na Migori. Na pamoja na viwanda ikaja barafu kwa magari makubwa.

Kati ya 1997 na 1999 Ulaya ilifunga mlango kwa samaki wetu mara kadhaa, mara kwa sababu ya vijidudu, mara kipindupindu, mara habari za watu kuvua kwa sumu. Ili mlango ufunguliwe ilibidi fuo zisafishwe, samaki akae kwenye barafu tangu anapotoka majini, na kila ufuo uwe na usimamizi unaoeleweka. Kanuni za kamati za ufuo, zile mnaziita BMU, zikawekwa 2007. Yote mazuri.

Lakini ongea na mvuvi wa Muhuru Bay, Sori au Mbita, atakuambia upande wa pili. Mbuta akishatoka majini saa zinahesabika. Kama huna barafu, huwezi kusema "nitasubiri bei ya kesho." Utauza leo, kwa huyu ajenti aliyekuja na gari lenye barafu, kwa bei yake. Kama una barafu, unaweza kukunja mikono ukasubiri. Samaki ni yuleyule na ziwa ni lilelile. Tofauti ni kreti.

Yule mama wa Jumamosi ndiye alinifundisha hili, wala si kitabu. Aliporudi wiki iliyofuata nilianza na hadithi yangu ya Rebmann, akanikatiza: "Hiyo ya mlima sijui. Lakini ya barafu najua. Mwenye barafu ndiye hupanga bei. Mimi hununua barafu kabla ya kununua samaki."

Nikaiandika kwa simu papo hapo. Maana hiyo sentensi inaeleza hoki ya Kenya yote, ya nyasi na ya barafu.

Tulikuwa wa nne duniani

Watu wa rika langu wengi hawajui hili, na mimi sikujua mpaka juzi. Mchezo wa kwanza wa timu ambao Kenya ilipeleka Olimpiki ni hoki. Hoki ya kawaida, ya nyasi. Mwaka ulikuwa 1956, mji Melbourne, na Kenya yenyewe bado ilikuwa koloni. Timu ilirudi Roma 1960. Tokyo 1964, mwaka mmoja baada ya uhuru, tukamaliza nafasi ya sita. Mexico 1968 tulikuwepo, Munich 1972 tulikuwepo.

Na kilele: Kombe la Dunia la kwanza kabisa la hoki, Barcelona, 1971. Pakistan wa kwanza, Uhispania wa pili, India wa tatu, Kenya wa nne. Sisi! Hebu fikiria leo Harambee Stars imalize nusu fainali ya Kombe la Dunia. Tungepewa likizo ya mwezi.

Nani walikuwa hao? Angalia majina. Avtar Singh Sohal, beki, alicheza Olimpiki nne kuanzia 1960 hadi 1972, na tatu kati ya hizo akiwa nahodha. Alu Mendonca. Hilary Fernandes. Akina Fernandes walikuwa wengi mpaka unachanganyikiwa. Karibu timu nzima ilikuwa ya Wakenya wenye asili ya Punjab na Goa, watoto na wajukuu wa makarani, mafundi wa reli na wenye maduka. Walilelewa kwenye klabu zao kama Sikh Union ya Nairobi, na shule kama Dr. Ribeiro Goan School, ambako mtoto alishika fimbo mapema na mwalimu wa mchezo alikuwepo kila wiki.

Hapa nataka usimame kidogo, kwa sababu hapa ndipo pana somo. Hawa hawakuwa wa nne duniani kwa bahati. Walikuwa na shule, klabu, kocha na uwanja, vyote ndani ya mwendo wa baiskeli. Kila Januari kulikuwa na watoto wapya wanaofundishwa kusimama. Hiyo ndiyo siri yote. Vipaji vipo kila mahali, kilichokuwa pale ni mpangilio.

Halafu ukaporomoka, kwa sababu mbili.

Ya kwanza ni siasa. Mwaka 1967 zikaja sheria za uhamiaji na leseni za biashara zilizowabana wasio raia, na Wahindi wengi wakaondoka Kenya, wengi wakielekea Uingereza. Wakaondoka na wachezaji, makocha na wazazi wa wachezaji wa kesho. Mchezo ulikuwa umekaa kwa jamii moja ndani ya miji michache. Wakoloni walitutenga kwa rangi mpaka shuleni na klabuni, na uhuru ulipokuja hakuna aliyeharakisha kuchukua zile fimbo na kuzileta Homa Bay, Kitale au Machakos kwa kiasi cha kutosha. Kwa hivyo jamii ilipopungua, mchezo ukapungua nayo.

Ya pili ni sakafu. Olimpiki ya Montreal 1976 ndiyo ya kwanza hoki kuchezwa kwenye nyasi bandia. Kenya haikucheza, Afrika ilisusia kwa sababu ya New Zealand na uhusiano wake na makaburu. Moscow 1980 Kenya ikasusia tena, safari hii upande wa Marekani. Tuliporudi Los Angeles 1984 ulimwengu ulikuwa umehama. Nyasi bandia ni ghali, inataka maji, inataka kubadilishwa. Nchi tajiri zikazijaza mijini mwao. Kenya ilijenga uwanja wa City Park Nairobi kwa ajili ya Michezo ya Afrika ya 1987, na tukashinda dhahabu nyumbani. Mwaka uliofuata, Seoul 1988, tukamaliza wa mwisho, nafasi ya 12. Tangu hapo timu ya wanaume haijarudi Olimpiki.

Unaona? Hata Pakistan na India walitikiswa na hiyo sakafu. Sheria za mchezo zilibaki karibu zilezile, fimbo ileile, mpira uleule. Kilichobadilika ni chini ya miguu, na aliyemiliki kile cha chini ndiye alipanga bei.

Nisiwe mchoyo: hoki ya shule haikufa. Ni mchezo wa muhula wa kwanza, pamoja na mpira wa kikapu na wa mikono, na huku Nyanza tuna majina ya kuringia kama Sinyolo Girls na Nyamira Girls. Hao wasichana wanajifunza kwenye nyasi na murramu, halafu wakifika mbali wanakutana na sakafu ya bandia siku ya mechi. Muulize yeyote aliyecheza vile mpira hukimbia tofauti.

Barafu inayokaa juu ya hoteli

Sasa Nairobi. Mwaka 2005 hoteli ya Panari, Barabara ya Mombasa, ilifungua uwanja wa barafu ndani ya jengo lake. Kama hujui vile hiyo kitu hufanya kazi: chini ya sakafu kuna mabomba yanayopitisha maji maalum yaliyopozwa chini ya sifuri. Juu yake maji humwagwa kidogo kidogo yakaganda, tabaka kwa tabaka, mpaka ipatikane barafu nyembamba ya sentimita chache tu. Mashine hupita kuilainisha. Na mitambo haizimwi usiku wala mchana, kwa sababu nje ni Nairobi na jua ni la Nairobi. Stima ikikatika, una bwawa.

Wa kwanza kucheza hoki pale walikuwa Wakanada na Wamarekani waliokuwa wakifanya kazi Nairobi, watu waliokosa nyumbani. Lakini kulikuwa na vijana Wakenya wengine: waliokuwa wakifanya kazi palepale, na wale wa viatu vya magurudumu, wa kuteleza kwenye maegesho na barabara za mji siku za Jumapili. Hao walikuwa tayari wanajua kusimama, kugeuka na kuanguka. Wakashushwa magurudumu wakapewa chuma. Ndivyo ilivyozaliwa timu tunayoiita Kenya Ice Lions, na Mkanada Tim Colby akiwa mmoja wa waliowafundisha, na Benard Azegere akiwa nahodha.

Shida yao ilikuwa ya kuchekesha na kusikitisha: hawakuwa na mpinzani. Timu moja, barafu moja, ndogo kuliko uwanja kamili wa kimataifa ambao una urefu wa mita 60. Walijigawa wakacheza wenyewe kwa wenyewe. Mwaka 2018 kampuni ya kahawa ya Kanada, Tim Hortons, ikawapeleka Kanada, na wakaingia uwanjani na Sidney Crosby na Nathan MacKinnon, wakubwa kabisa wa mchezo huo. Filamu fupi ikatengenezwa, dunia ikalia machozi.

Nami nililia, sikatai. Lakini nikiitazama leo naona pia tangazo la kahawa. Kamera ziliporudi nyumbani, barafu bado ilikuwa moja na bado ilikuwa ya hoteli. Korona ilipokuja 2020 milango ikafungwa, na timu ya barafu bila barafu ikarudi kwa magurudumu.

Kilichowaokoa, kwa maoni yangu, si ile safari. Ni kwamba walikuwa wameanza kufundisha watoto. Wachezaji wa timu kubwa waligeuka makocha, wakawachukua watoto wa mitaa ya kawaida ya Nairobi wikendi, wakawafunga kamba za viatu mmoja mmoja. Msimu kwa msimu. Ndiyo maana Septemba 2024, Shirikisho la Kimataifa la Hoki ya Barafu lilipoikubali Kenya kama mwanachama mshirika, kulikuwa na kitu cha kukubali.

Linganisha na Philip Boit. Mkimbiaji wa mita 800 aliyechukuliwa na mradi wa Nike, akapelekwa Finland kujifunza kuteleza kwenye theluji, na 1998 akashiriki Olimpiki ya baridi ya Nagano. Alimaliza wa mwisho katika kilomita 10, na bingwa Bjørn Dæhlie akamsubiri mstarini amkumbatie. Hadithi tamu, na Boit ni shujaa kwangu, alirudi tena 2002 na 2006. Au Sabrina Simader, mwanamke wa kwanza wa Kenya kwenye Olimpiki ya baridi, 2018, aliyelelewa Austria. Wote walibeba bendera kwa heshima. Lakini mtu mmoja hawezi kuwa mchezo. Nyuma yake lazima kuwe na sakafu imejaa watoto wanaoanguka.

Mimi nilisimama nje ya ubao

Nirudi kwa swali lililonichoma. Nikiwa chuo Nairobi nililipwa kupiga video ya sherehe ya kuzaliwa kwa mtoto fulani kwenye ile barafu. Nilikaa nje ya ubao na kamera saa mbili. Ningeweza kuomba viatu dakika tano, sikuomba. Niliona aibu ya kuanguka mbele ya watoto wa darasa la tatu. Muhula uliofuata karo ikanishinda kabisa, nikarudi nyumbani na begi, kamera na ile aibu.

Rongo niliwakuta watoto wa jirani na jozi mbili za viatu vya magurudumu kutoka sokoni, wakivutana kwa kamba. Nikawaambia ninajua mchezo wa hivyo viatu. Nilikuwa nimeuona tu. Usiku nilikuwa natazama video, asubuhi nawafundisha, na mengine wao ndio walinifundisha. Fimbo zetu zilitengenezwa na fundi wa milango kutoka mbao za mabaki. Kofia ni za baiskeli na moja ya boda inayomfanya kipa aonekane kama mwanaanga. Tunatumia mpira wa tenisi badala ya ile paki nyeusi ya barafuni.

Kwa hivyo mama aliporudi, hili ndilo jibu nililompa, baada ya kuachana na Rebmann.

Nilimwambia: mama, siwezi kukuahidi barafu. Hata waliopo Nairobi hawawezi kujiahidi, maana ufunguo hauko nao. Nikikuambia binti yako atacheza Kanada nitakuwa kama wale wa kuuza viza. Ninachoweza kumpa ni kile ambacho wale wa Panari walikuwa nacho kabla ya kufika Panari: miguu inayojua kusimama kwenye magurudumu, na kocha anayekuja kila Jumamosi. Na akienda sekondari akikuta hoki ya nyasi, macho na mikono tayari iko. Akitaka netiboli, atakuwa amejifunza kuanguka bila kuvunja mkono.

Akauliza, "Na wewe ukipata kazi Nairobi?"

Hilo ndilo swali lenyewe, wasee. Historia yote niliyowapa hapo juu ni hilo swali. Jamii ilipoondoka, hoki ikaondoka. Kamera zilipoondoka, barafu ikabaki ya hoteli. Hapa kwetu timu ya Sony Sugar pale Awendo ilicheza ligi kuu miaka mingi, na 2019 ikatolewa baada ya kushindwa kufika mechini, kwa sababu ilitegemea mfuko mmoja na mfuko ukakauka. Mimi nikiondoka?

Sikuwa na jibu siku hiyo. Nilipata baadaye, na si kubwa. Nimechagua watoto wanne wa mwaka jana, wawili wasichana wawili wavulana, wa miaka 14 na 15. Hao sasa ndio wanafundisha kuanguka. Mimi nakaa kando. Wana daftari lenye majina, saizi za miguu na nani aliazima nini. Daftari linakaa kwao, si kwangu.

Najua kuna watakaosema tunapoteza wakati, kaunti ina shida za maji na hospitali. Sawa. Lakini pesa za michezo zipo na zinatumika. Homa Bay imepata uwanja mkubwa, Madaraka Dei ya 2025 ilifanyiwa hapo, na ni uwanja mzuri. Mimi naomba kitu kidogo kuliko jukwaa moja: sakafu ya saruji laini, yenye paa la mabati, katika kila kaunti ndogo, ya umma, bila ufunguo wa mtu binafsi. Hapo utacheza hoki ya magurudumu, utacheza mpira wa mikono, utacheza netiboli mvua ikinyesha. Siku za soko utaanika nafaka. Saruji haiyeyuki stima ikikatika, na haimngoji ajenti.

Msimu wetu unaishia Machi. Aprili hadi Julai uvuvi wa omena hufungwa, pesa ya ziwani hupungua, na nauli ya Jumamosi ndiyo ya kwanza kukatwa. Tutaanza tena Agosti, na miguu itakuwa imekua.

Yule binti bado anakuja. Mamake hakuniambia amekubali. Alimleta tu Jumamosi ya tatu, na alikuwa na kreti yake njiani kwenda sokoni. Akaifungua, akachota barafu kwa bakuli akaimwaga sakafuni pembeni, watoto wote wakakimbia kuiguza. Ilikuwa inanuka samaki. Mmoja akajaribu kusimama juu yake na kandambili, akaanguka vizuri kabisa, upande, vidole ndani ya ngumi.

Ikayeyuka kwa dakika chache. Tukapangusa maji tukaendelea.

Kama una viatu vya magurudumu vya mtoto nyumbani vimekaa tu, saizi 33 mpaka 38 ndizo tunakosa zaidi. Usitume pesa. Leta viatu, na kama unaweza, kaa saa moja utusaidie kufunga kamba.